Jina ya Databukwe ku Bariyeri ya Kajaga

Bwana yangu alikuwa na sauti ya gari yenye haitaki kuwaka. Alikuwa anaanza hivi: "E-e-e-e... mama watoto, e-e-e..." Halafu ikishawaka, haisimami tena. Asubuhi ile iliwaka vizuri. Alisimama ku mulango ya jikoni, akakohoa, akasema: "E-e-e... kesho tunaanza vakansi."

Niliacha kupepea makaa. Vakansi, likizo ya kutembea! Ile ni neno ya watu wa biro, wenye mushahara na valizi. Sisi tulikuwa Buyenzi, mutaa ya Bujumbura, vyumba mbili na veranda, vita iko inazunguka muji kama fisi inazunguka zizi. Usiku tunasikiliza vitu inalia kule milimani, asubuhi tunaulizana na majirani: "Mumeamuka?" "Tumeamuka." Hiyo njo ilikuwa salamu yetu. Na huyu mwanaume ananiambia vakansi.

"Vakansi ya wapi?"

"Hapa hapa! Wazungu walikuwa wanapanda ndege kuja kuona hii muji yetu, ziwa yetu, viboko yetu. Sisi tuko ndani yake, hatujaona kitu!"

Maneno ya kweli ilikuwa hivi. Yeye alikuwa dereva wa kamyo, lori ya mufanyabiashara mumoja wa sukari. Embargo, ile vikwazo ya nchi za jirani, ilikuwa imekausha esansi ya magari mu muji yote, na ule tajiri aliambia madereva wake: "Muende mupumuzike, nitawaita." Sasa mutu akikaa nyumbani bila kazi anaanza kuwaza. Na bwana yangu alikuwa anawaza baba yake.

Baba yake, databukwe yangu, alishuka kutoka mulimani wakati nyumba yake na migomba yake iliungua. Tulimupa chumba ya mbele. Muzee murefu, mukavu, koti moja ya zamani yenye hakuvua hata mu jua, na fimbo. Sauti yake ilitoka chini sana, kama mutu anaongea ndani ya mutungi: "Mmmh. Mi tangu niko mutoto niliona ile ziwa kutoka kule juu kwetu. Iko inangaa kama bati. Watu wanasema ina mawimbi. Mmmh. Bati haina mawimbi." Halafu jioni anarudilia: "Mbele ya kufa, nitie muguu moja tu. Moja inatosha."

Njo vile vakansi ilizaliwa. Muzee atie muguu mu maji.

Sasa ngoja, kuna kitu lazima nikuambie, juu bila hiyo hautaelewa. Kwetu mukazana hatamki jina ya baba ya bwana yake. Tunasema anatsinda. Na apana jina peke yake: kama ndani ya ile jina iko kitu ya nyumbani, hata ile kitu hauitaji. Unaitafutia jina ya kando. Mama yangu alinikalisha mbele ya kuniozesha, akaninyooshea kidole: "Siku utasema jina yake, umemuvua nguo mbele ya watu." Mama yangu alikuwa hacheki na maneno ya nguo.

Na jina ya databukwe yangu ilikuwa na kitu ndani yake. Kitu iko mu kila nyumba, hata kwako iko, pengine umeikalia. Apana, sikuambii. Nikikuambia ile kitu, nimetaja muzee. Kaa hivyo hivyo na njaa yako.

Sisi wakazana wa ile rugo, boma moja, tulikutana ku muto siku za kwanza, tukatengenezea ile kitu jina ingine. Na muzee mwenyewe tukamupa jina ya kando, ya kumuita sisi kwa sisi tukiwa tunafua. Jina muzuri, ya heshima. Mulomo yangu ikazoea. Nikashuka Bujumbura na bwana yangu, bado natsinda. Watoto wangu wakaikuta ile neno ya kando mu nyumba, wakafikiri ni neno ya dunia yote. Nikimutuma binti yangu ku duka ya kona, muzee Muislamu wa duka anashika ndevu: "Auzubillahi! Mama yako anatuma watoto na mafumbo? Rudi umuulize anataka nini, aseme kama watu!" Mutoto anarudi, mi namuambia: "Enda umuoneshe na kidole." Kidole haina databukwe.

Basi, siku ya kwanza ya vakansi tulitembea mu muji. Bwana yangu mbele, mikono nyuma, kama gide wa watalii: "E-e-e... ku mukono ya kuume, soko kubwa. E-e-e... ku mukono ya kushoto, posta." Databukwe nyuma yake: "Mmmh. Na hawa watu wote, wanalima wapi?" Mi nyuma kabisa na mutoto ku mugongo, juu mukazana hatangulii. Na binti yangu, alikuwa amengoka meno ya mbele, anaruka katikati yetu, anapulizia babu yake maneno kupitia ile tundu: "Sogokuru, angalia! Sogokuru, uliona?"

Ku bandari tuliangalia meli kupitia lango ya chuma. Mulinzi akakuja: "Nyinyi, munatafuta nani?" Bwana yangu akavuta shati chini: "E-e-e... tuko vakansi." Ule mulinzi alicheka mpaka akashika lango. Alicheka hata mu mugongo yake, wakati alikuwa anarudi kukaa.

Mangaribi tulitaka kupanda kule juu, fasi mutu anaona muji yote na ziwa yote kwa mara moja. Tulifika nusu. Masoda walikuwa wamelala mu nyasi na bunduki, mumoja akainua kichwa tu, akafanya mukono hivi, murudi. Databukwe aligeuka bila kuuliza. "Mmmh. Nimefukuzwa kule juu nikuje chini. Sasa niko chini, nafukuzwa nisipande." Na akacheka. Mi pia nilicheka, lakini na shali ku mulomo, juu ya heshima.

Siku ya pili ilikuwa ya Mungu, na ilikuwa njo siku yenyewe: plaji ya Kajaga, fasi ya kuogea ku ziwa. Nilipika tangu jogoo. Sufuria mbili, juu mukazana hakuli na databukwe. Yetu ya maharagi na mihogo. Ya muzee ya mukeke, samaki muzima, nilimukaanga na nyanya mpaka nyumba ya jirani ikaanza kutusalimia. Databukwe alikuwa tayari ku veranda, koti imefungwa mpaka juu, viatu mu mukono.

"Baba, viatu inavaliwa ku miguu," bwana yangu akamuambia.

"Mmmh. Miguu yenye inaenda kuoga, unaivalisha kwa nini?"

Hapo njo mutu wa tajiri akafika na kinga, baisikeli yake. Esansi kidogo imepatikana, dereva akuje mara moja. Bwana yangu aliangalia baba yake, akaangalia mi, akaangalia sufuria. Ilikuwa sauti ya gari peke yake: "E-e-e-e-e..." Halafu: "Muende. Saa sita nawakuta kule. Nitakuja na kamyo mpaka ku mchanga!" Mi nilimujibu: "Sawa, bosi wa vakansi." Na akaenda.

Tukapanda basi ya Gatumba, sisi wane: muzee, mi, binti yangu, na mutoto ku mugongo. Mbele kidogo ya kufika njia ya Kajaga kulikuwa bariyeri. Kamba imevuka barabara, wamefunga mifuko ya plastiki ili ionekane, na kando yake nyumba moja ndogo ya matofali yenye zamani ilikuwa ya kuuzia bia. Dirisha moja, vyuma. Wote tukashuka, wanaume hapa, wanamuke na watoto kule. Hiyo ilikuwa kawaida, hata mutoto alijua. Nyuma ya matete niliona ziwa. Karibu hivi! Ungetupa jiwe, ingelia ndani ya maji.

Soda mwenye kuangalia makarte alikuwa kijana mwembamba, anasemea mu pua, na Kifaransa kidogo ya kujipakaa kama mafuta. "Bon. Karte. Bon. Karte." Akafika ku databukwe. Muzee akatoa karangamuntu, kitambulisho yake, mu koti. Lakini ile karte ilikimbia naye, ililala mu mvua naye. Picha ilikuwa imekuwa wingu, na maandiko yote imeshuka chini fasi moja kama ndagala mu kikapo. Kijana akaigeuza, akaigeuza.

"Alors, muzee. Hii ni nani?"

"Ni mi."

"Hii? Hii ni moshi. Umetoka wapi?"

"Buyenzi, kwa mutoto yangu."

"Na mbele ya Buyenzi?"

"Mulimani."

Yoo. Muzee wa watu hakujua kudanganya. Siku zile kusema umetoka mulimani ilikuwa kama kusema unaleta barua ya wale wenye kupiga usiku. Kijana alimushika mukono, apana kwa nguvu, kama unashika mutu wa kumuvusha barabara, akamuingiza mu ile nyumba. Viatu bado mu mukono. Wengine wakapanda basi. Konda akaniita: "Mama, tunaenda!" Nikamuonesha nyumba. Akaangalia nyumba, akapiga bati ya basi, wakaenda. Sikumuchukia. Mi pia ningepiga bati.

Kijana akatoka, akanikuta.

"Uko naye?"

"Niko naye. Ni databukwe yangu."

"Jina yake?"

"Databukwe."

"Mama, écoute. Databukwe ni wote. Hata mi niko databukwe ya mutu kesho. Jina."

"Ni baba ya bwana yangu."

"Jina ya baba ya bwana yako."

"Bwana yangu anakuja saa sita, atakuambia."

Akavuta pumzi mu ile pua. "Sikiliza vizuri. Yeye amenitajia jina kule ndani. We utanitajia jina hapa. Ikiwa moja, munaenda kuoga. Ni maneno rahisi sana. Najua wanamuke wanatsinda, hata mama yangu anatsinda. Lakini mama yangu hatembei na mutu hana sura ku karte. Sema tu, muende."

Sema tu, muende. Mi napenda kuongea, unanisikia. Mu Buyenzi wanasema mulomo yangu haina mulango. Lakini nilifungua, na mulomo ilikaa wazi kama kisima imekauka. Niliona kidole ya mama yangu. Niliona dirisha, na koti ya muzee nyuma ya vyuma, ako anasikia. Kijana akapiga kitako ya bunduki chini: "Jina!" Na mulomo yangu ikaogopa, ikakimbia ku njia yenye inajua.

Nilisema jina ya kando. Ile ya ku muto, ya wakazana.

Nilisema kwa sauti muzuri, na nilifurahi hata, nikafikiri nimejibu. Nikaona uso ya kijana inabadilika, hapo njo nilielewa nimefanya nini.

Aliingia, akatoka. Alikuwa anacheka bila kuonesha meno. "Bon. Muzee mumoja, majina mbili. Watu wenye majina mbili, sisi tunawajua."

"Apana! Ile ni ya kando! Ni sisi wakazana tulimutungia, ku muto, tukiwa tunafua..."

"Ku muto."

"Ku muto."

"Munatungia watu majina ku muto, mulimani." Alirudilia polepole, kama mutu anaonja chumvi. "Atakaa. Shefu akifika jioni atamuangalia."

Na mutu mwenye shefu alikuwa anamuangalia jioni, pengine hakurudi. Kila mutu mu muji alijua mutu mwenye alijua mutu.

Basi tukakaa ku ukingo ya barabara, chini ya jua, na sufuria zetu mbili. Kama ungepita ungesema hawa wako pikiniki. Gari zilipita! Wenye esansi yao hawakukosa. Gari moja ya muzuri, mama na kofia ya majani kubwa kama sahani ya kupepetea, watoto na maboya ya kuogea shingoni. Kijana akashusha kamba mbio. Mama akatoa pua: "Oh, chéri, funga kioo, vumbi inaingia." Wakakata njia ya Kajaga. Kidogo tu tukaanza kusikia muziki yao, na watoto wakipiga kelele mu maji.

Binti yangu akaniangalia. "Mama, si tuko vakansi?"

"Tuko."

"Mbona tunakaa barabarani?"

"Tunangojea sogokuru."

"Anafanya nini mule ndani?"

"Anapumuzika."

Akaenda karibu ya dirisha. "Sogokuru! Umechoka?" Na ile sauti ya mutungi ikatoka: "Mmmh. Kidogo." "Unaona viboko?" "Dirisha inaangalia barabara, mwana. Naona nyinyi." Kijana akamufukuza mutoto na mukono, kama kuku.

Saa sita ilifika, kamyo apana. Saa saba, apana. Kila mungurumo ya gari nilikuwa nasimama, navuta nguo yangu, nakaa tena. Nilijaribu kila kitu. Nilimupigia kijana magoti, akaniambia inuka, unaniaibisha mbele ya magari. Nilimuambia nitume mutoto Buyenzi kuita majirani. Akasema mutoto ya meno haina atapita bariyeri ngapi? Nilimuletea sufuria. Ile ya muzee, ya mukeke. Nikasema: "Mwana wangu, kula." Alikaa chini, akala. Alikula vizuri, kwa heshima hata, akatoa miba moja moja, akaipanga ku jiwe. Akalamba vidole. "Mama, unajua kupika. Mama yangu anapika hivi hivi." Mi nikafikiri, sasa. Akasimama, akapangusa mukono ku suruali. "Lakini jina bado ni mbili."

Jua ikaanza kushuka upande ya Uvira, ngambo ya ziwa. Kuvre-fe, saa yenye mutu anakatazwa kuwa inje, haikuwa mbali. Hapo nikamuambia binti yangu: "Kamata mudogo yako, muende kule ku mti, muzibe masikio." "Kwa nini?" "Zibeni!" Wakaenda. Nilisimama mbele ya kijana, nikaangalia chini, nikasema jina ya databukwe. Ya kweli.

"Sikusikia."

Nikasema tena.

"Mama, unaongea na mavumbi. Sauti!"

Basi nikaipigia kelele. Ile jina yote, na kitu yake ndani, mbele ya barabara, mbele ya masoda, jina yenye sikutia ku ulimi tangu walinivalisha nguo ya harusi. Ilitoka kama kitu ya mutu mwingine. Nyuma ya vyuma koti haikutikisika. Hata muziki kule ku plaji, mi nilisikia kama imenyamaza, lakini pengine ni masikio yangu tu.

Kijana aliniangalia na huruma. Hiyo njo iliniumiza, huruma yake. "Alors, mama. Asubuhi ulinipa moja, sasa unanipa ingine. Nilikuambia majina ni mbili, umeenda kutafuta ya pili. Nikingoja jioni utanipa ya tatu."

"Lakini ni hiyo amekuambia! Si ni moja na yake?"

"Ni moja. Na umekaa karibu ya dirisha siku yote na mutoto wako, munaongea naye. Atakuwa amekunongoneza."

Nikakaa chini. Sikulia. Nilikuwa sina tena kitu ya kutoa. Magoti nilitoa, samaki nilitoa, jina nilitoa. Nilibaki kuangalia mavumbi ku vidole yangu ya miguu.

Na unajua muzee alitoka vipi? Utacheka. Shefu alikuwa hajafika bado, zamu ikabadilika. Kijana wa pua alipanda pikapu na wenzake, hakuniangalia hata, akaenda. Akakuja soda mwingine, munene, macho nyekundu, amebeba godoro ku kichwa. Sauti yake ilikuwa kubwa na ya usingizi: "Haa! Ni nani amelala mu chumba yangu? Muzee, unafanya nini hapa? Toka! Toka, niweke godoro!" Databukwe akatoka na viatu yake mu mukono. Munene hakuuliza karte. Hakuuliza jina. Hakuuliza mulima. Alitaka fasi ya godoro yake.

Tulienda bila kukimbia, juu mutu mwenye kukimbia anaitwa. Basi zilikuwa zimekwisha. Databukwe mbele, mi nyuma, binti katikati. Plaji ilikuwa pale, njia yake ilikuwa pale, tukaiacha nyuma. Muzee aligeuza kichwa mara moja upande ya matete, na hakusimama. Tulikuwa na saa ya kufika nyumbani tu, hatukuwa na saa ya muguu.

Tukifika karibu na mashamba ya muchele, upande ya Buterere, binti yangu akaanza. Nilijua ataanza. Mutoto mwenye unaambia azibe masikio, anasikia na macho.

"Mama, ile jina ulikuwa unapigia kelele, ilikuwa ya nani?"

Nilitamani maji ya muchele inimeze. Na kule mbele fimbo ya databukwe iligonga barabara, ko, ko, na ile sauti ikatoka chini kabisa:

"Mmmh. Ni mutu fulani wa kule kwetu. Alikufa zamani."

"Mama alikuwa anamujua?"

"Apana. Alimusikia tu."

Binti yangu akaridhika, akaanza kuuliza kama viboko inalala. Mi nilibaki na shali mu meno, natembea nyuma yao, na sijui kama nalia au ni vumbi.

Bwana yangu tulimukuta ku lango ya rugo, amefika sasa hivi. Kamyo yake nayo walikuwa wameishika ku bariyeri ingine, upande ya kusini, siku yote. Uso yake ilikuwa ya mutu amefiwa. "E-e-e-e... baba... e-e-e..." Gari ilikataa kuwaka kabisa.

Databukwe akaweka viatu chini, akamushika bega.

"Mmmh. Ni fasi muzuri. Maji ni mingi kweli."

"Ulitia muguu?"

"Nilitia."

"Na mawimbi?"

"Iko. Ulisema kweli, apana bati."

Bwana yangu akageukia mi. Mi niliinama kutafuta mufuniko ya sufuria. Nikasema: "Uliza baba yako, si yeye alikuwa vakansi?" Na yeye alifurahi! Wiki yote aliwaambia majirani: "E-e-e... baba yangu nilimupeleka plaji." Muzee anaitika kutoka veranda: "Mmmh. Maji mingi." Mi jikoni, napepea makaa.

Nilitamani kumurudisha. Nilipanga mara nyingi. Lakini bariyeri ya Kajaga ilikaa, halafu barabara ya Gatumba ikafungwa, halafu ikafunguliwa na kufungwa, na muzee akaanza kukohoa. Alikufa mu chumba ya mbele, mu mvua ya kwanza. Mimi njo nilimuosha miguu mbele wamufunge, juu binti zake walikuwa kambini mbali. Nilitumia maji ya bomba. Hata nilifikiri kutuma mutu ku ziwa na kidumu, lakini siku ile kulikuwa risasi ku mutaa ya Kinama na hakuna mutu alikuwa anatoka.

Ku makaburi katekista alitaja jina yake kwa sauti, mbele ya watu wote. Hakuna mutu alishituka. Mi peke yangu niliangalia chini.

Sasa niko muzee kuliko yeye vile alikuwa. Plaji imejaa watu, wajukuu wangu wanaenda kila siku ya Mungu, wanarudi na mchanga mu masikio, wananiambia mi bibi yao: "Nyogokuru, twende!" Nawaambia magoti inauma. Na juzi nilimutuma mumoja, na ile neno ya kando, aniletee ile kitu kutoka chumba ya mbele. Akasimama mu mulango, mikono ku kiuno, na ile sauti yao ya simu: "Nyogokuru, sema vizuri, ni kitu gani unataka?"

Nikamuonesha na kidole.